Kasi ya Nuru katika Wimbo wa Jua: Tatizo la Kusoma Fizikia katika Maandiko ya Veda

Makala haya yanachunguza dai moja linalorudiwa mara kwa mara na wanaohusisha Veda na fizikia, yaani kwamba wahenga wa Bara Hindi waliijua kasi ya nuru kabla ya Ole Rømer kuonyesha, mwaka 1676, kuwa nuru huchukua muda kusafiri. Dai hili linahitaji kupimwa kwa kurejea matini yenyewe, kwani wengi wanaolitaja hawaelezi ni nani aliyesema nini, na lini.

Rigveda, mkusanyo wa nyimbo 1,028 za Kisanskriti, ulitungwa takriban kati ya 1500 na 1000 K.K. na kuhifadhiwa kwa kukariri. Wimbo wa 50 wa kitabu cha kwanza unalisifu Jua, na ubeti wake wa nne unalitaja kuwa lenye mwendo wa haraka na lenye kuleta nuru. Tarakimu hazimo. Zimo katika ufafanuzi wa Sayana, mwanachuoni wa dola ya Vijayanagara aliyefariki mwaka 1387, ambaye ananukuu kauli ya mapokeo inayolisalimu Jua kuwa hupita yojana 2,202 katika nusu ya nimesha. Kati ya ubeti na ufafanuzi zimepita zaidi ya miaka 2,000. Aidha, kinachokwenda katika kauli hiyo ni Jua, si nuru.

Ugumu zaidi umo katika vipimo. Nimesha ni muda wa kufumba na kufumbua. Baadhi ya Purana huhesabu nimesha 15 katika kashtha moja, na kwa hesabu hiyo nimesha ni sekunde 0.213, Sheria za Manu huhesabu 18, nayo inakuwa sekunde 0.178. Yojana nayo hukadiriwa kuanzia kilometa 8 hadi 15 hivi. Msomaji akichukua yojana ya kilometa 14.5 na nimesha ya Purana, atapata takriban kilometa 299,000 kwa sekunde, jirani kabisa na kasi ya nuru, ambayo ni 299,792. Akichukua yojana ya kilometa 8, atapata 165,000. Akibaki na ile ya 14.5 lakini akafuata Manu, atapata 359,000. Ni dhahiri kwamba jibu linalojulikana ndilo linalochagua vipimo, wala si vipimo vinavyoleta jibu. Tena hakuna maelezo yoyote ya namna kasi hiyo ilivyopimwa, na bila hayo tarakimu peke yake, hata ikilingana, haiwi fizikia.

Hasara ya usomaji wa namna hii ni kwamba unafunika elimu iliyomo kweli. Sulbasutra ya Baudhayana, matini ya kanuni za kujenga madhabahu iliyo miongoni mwa viambatisho vya Veda, inafundisha kwamba kamba ikivutwa kutoka pembe moja ya mstatili hadi pembe inayoikabili, mraba wa kamba hiyo huwa sawa na miraba ya pande mbili ikijumlishwa. Kipeuo cha pili cha 2 kinatolewa humo kwa hatua zinazofikia 577/408, thamani iliyo sahihi hadi tarakimu ya tano baada ya nukta. Hapa kazi inajulikana (madhabahu zenye umbo la mwewe zilihitaji eneo maalumu), na kila hatua inaweza kurudiwa na mwanafunzi yeyote mwenye kamba na vigingi.

Wimbo wa 129 wa kitabu cha kumi nao umefananishwa na nadharia ya mlipuko mkuu. Beti zake saba zinazungumzia hali ambamo hapakuwa na kuwapo wala kutokuwapo, kisha zinauliza uumbaji huu ulitoka wapi. Anayeugeuza kuwa kosmolojia hana budi kuuacha ubeti wa mwisho, unaosema kwamba yule auangaliaye ulimwengu kutoka mbingu ya juu huenda anajua, au huenda hata yeye hajui.