Kijitabu cha Maelekezo na Akili ya Mtoto Anayejenga

Mtoto anayejenga kwa vitofali vya plastiki huonekana kuwa katika mchezo mmoja tu, kumbe ubongo wake huweza kuwa katika kazi mbili zilizo mbali. Kazi ya kwanza ni kufuata njia iliyokwisha kuchorwa; ya pili ni kuitafuta njia isiyokuwapo. Wazazi wengi hawazitofautishi.

Vitofali vya Lego, ambavyo ombi la hataza yake liliwasilishwa nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958, viliundwa ili viungane kwa namna nyingi mno. Viwili vya rangi moja, kila kimoja chenye vinundu vinane, huungana kwa njia 24. Vikiwa sita, njia hizo hufikia 915,103,765, kwa hesabu ya Søren Eilers, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Pamoja na wingi huo, seti nyingi siku hizi huuzwa na kijitabu kinachoonyesha njia moja. Mtoto huimaliza gari lake, nalo hupandishwa juu ya kabati lisije likavunjika.

Kufuata kijitabu si kazi ya kudharauliwa. Jicho hupaswa kuigeuza picha bapa kuwa umbo lenye kina, na akili kushikilia idadi ya vinundu huku mkono ukitafuta kipande. Madaktari huujua uzito wa kazi hiyo. Tangu Samuel Kohs alipotangaza kipimo chake mwaka 1920, kunakili ruwaza kwa vijiti vya mraba vya rangi kumekuwa njia ya kuupima ubongo. Mgonjwa wa kiharusi kilichoathiri sehemu ya juu ya ubongo, kuelekea kisogoni, anaweza kushindwa kunakili ruwaza nyepesi, ingawa macho yake yanaona na mikono yake ina nguvu.

Swali gumu zaidi ni hali ya akili inayobaki baada ya kijitabu kufungwa. Mwaka 2016 Page Moreau na Marit Gundersen Engeset walichapisha utafiti ambamo baadhi ya washiriki walijenga seti kwa maelekezo na wengine wakajenga walivyopenda. Walipopewa baadaye kazi ya ubunifu, waliotoka kwenye maelekezo walifanya vibaya zaidi. Ni kosa kulisoma tokeo hili kana kwamba kijitabu huua kipaji. Lililopimwa ni athari ya muda mfupi: akili iliyotoka kutafuta jibu moja sahihi huendelea kulitafuta hata pale ambapo halipo.

Kwa watoto wadogo ipo dalili ya namna hiyo. Elizabeth Bonawitz na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2011, waliwapa watoto wa umri wa kabla ya shule mwanasesere mwenye mambo kadhaa yaliyofichika. Walioonyeshwa jambo moja kwa namna ya kufundishwa walicheza kwa muda mfupi zaidi na kugundua machache kuliko wenzao. Kwao, mwalimu akishaonyesha, yamekwisha.

Hata hivyo, wapo watoto ambao kwao maelekezo ni mlango. Daniel LeGoff, aliyechapisha kazi yake mwaka 2004, aliwakusanya watoto wenye usonji katika vikundi vya kujenga. Mmoja hushika kijitabu na kueleza, wa pili hutafuta vipande, wa tatu huunganisha. Bila kusemezana, jengo haliendi. Mtoto anayeteswa na mambo yasiyotabirika hupata mpangilio unaomtuliza, na ndani yake hulazimika kumtazama mwenzake na kungoja zamu. Katika vikundi hivyo hivyo, kujenga kwa kubuni nako huwa na nafasi yake. Kumnyang'anya mtoto wa aina hii kijitabu ili "awe mbunifu" ni ukatili, hata kama nia ni njema.

Kwa mtoto mwingine, seti ijengwe mara moja kwa kijitabu, kisha ibomolewe. Ule woga wa kubomoa mara nyingi ni wa mzazi aliyekumbuka bei. Gari likivunjwa, mtoto ameshajifunza jinsi ekseli inavyoshikwa na jinsi ukuta unavyofungamana, na sasa ana mtaji wa kubuni. Mzazi asiulize, "Hiki ni nini?" kwa sauti ya kusahihisha, aombe aelezwe. Ikiwa kazi ya shule inayofuata inahitaji mawazo mapya, kama vile kuandika insha, rundo lisilo na kijitabu ndilo litangulie. Na asiye na seti hakupungukiwa: viboksi vya kiberiti na udongo wa mfinyanzi hufanya kazi hiyo hiyo.

Vipande vidogo visiachwe kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwani huweza kuziba njia ya hewa. Wa umri huo apewe vitofali vikubwa visivyoweza kuingia kinywani.