Sahihi ya Rubani: ya Mkono au ya Mtambo?

Wanachama wenzangu, huko Uingereza kuna watu wanaokusanya picha za ndege za kivita za Vita Vikuu vya Pili. Msanii, kama Robert Taylor, huchora, nakala huchapwa, marubani wenyewe walikuwa wakitia sahihi. Mjomba aliniletea moja ya Spitfire. Niliringa nayo wee! Kumbe, chini ya lenzi ya maabara, sahihi ilikuwa vitone vitupu vya wino, sawa na mawingu ya picha. Ilichapwa tu.

Sahihi ya mkono kwa kawaida ni ya penseli, pambizoni. Inamisha karatasi kwenye mwanga uone penseli iking'aa. Namba 212/500 yaonyesha nakala ni ya ngapi, basi, haithibitishi sahihi.

Halafu hesabu miaka. Douglas Bader, aliyerusha Spitfire akiwa na miguu ya bandia, alifariki 1982. Ukiona sahihi yake kwenye picha iliyochapwa 1990, hebu muulize muuzaji: alitia lini? John Hemingway, rubani wa mwisho wa mapambano ya angani ya Uingereza ya 1940, alifariki Machi 2025. Sahihi zao zilizobaki ndizo hizo hizo.