Dondoo muhimu: Kumsomea mtoto kitabu cha kuchekesha
Katika *Handa's Surprise* cha Eileen Browne (1994), Handa, msichana wa Kijaluo, anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba katika kikapu alichojitwika kichwani. Nyuma yake tumbili anachomoa ndizi, mbuni anabeba pera, tembo anajitwalia embe. Maandishi hayautaji wizi huo hata kidogo. Picha ndizo zinazosema.

Basi usimtangulie mtoto. Mpakate, soma polepole, nyamaza kidogo kabla ya kufungua ukurasa, umwache anyooshe kidole mwenyewe. Akipiga kelele "Handa, geuka!", usimkatize. Akitaka mrudie mara ya tatu, rudieni: sasa anamjua mwizi kabla hajatokea, na kicheko kinaanza mapema.