SOMO LETU: FRATERI ANAPOKUJA KIGANGONI



Leo tunajifunza juu ya kazi ambayo wengi tunaiona, lakini ni wachache tunaoijua vizuri. Ni kazi ya mwanafunzi wa seminari anayetumwa kukaa na waamini kwa muda. Wakatoliki humwita frateri.

Hata kama wewe si Mkatoliki, soma. Jambo utakalolisoma humu laweza kutokea nyumbani kwako: mgonjwa yumo ndani, usiku umeingia, na anayehitajiwa yuko mbali.

Tutamfuata frateri mmoja katika eneo la Sofu. Jina lake hatulitaji, maana mambo haya huwapata wengi.

MAHALI PENYEWE

Sofu ni kata ya Mji wa Kibaha, katika Mkoa wa Pwani. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kibaha ni karibu kilomita 40 kwa barabara ya Morogoro. Zamani huku kulikuwa mashamba ya mihogo, minazi na mikorosho. Mashamba yapo bado, lakini sasa viwanja vinapimwa na nyumba mpya zinajengwa. Wenyeji wa pwani wanakaa jirani na watu waliotoka mikoa mingine. Waislamu ni wengi, na Wakristo wapo. Kwenye msiba wote hukaa jamvi moja.

Kigango chenyewe ni kanisa dogo lenye bati na madawati ya mbao. Padri haishi hapo. Anaishi parokiani, na ana vigango vingine vya kuhudumia. Jumapili nyingi waamini husali bila padri, wakiongozwa na katekista.

FRATERI NI NANI?

Frateri ni mwanafunzi anayejiandaa kuwa padri. Masomo yake ni marefu. Baada ya sekondari husoma falsafa kwa muda wa miaka 3 hivi, halafu teolojia miaka 4. Hapa Tanzania falsafa husomwa katika seminari kuu kama Ntungamo na Kibosho. Teolojia husomwa Kipalapala, Peramiho na Segerea. Seminari ndogo, ambazo ni za sekondari, zipo pia. Mojawapo ni Visiga, hapo hapo Kibaha.

Katikati ya masomo hutolewa darasani na kupelekwa kwa waamini. Wengine hukaa mwaka mzima, na mwaka huo huitwa mwaka wa kichungaji. Wengine hutumwa wakati wa likizo. Muda ukiisha, paroko huandika taarifa na kuipeleka kwa gombera wa seminari. Kwa hiyo frateri yuko kazini, lakini pia yuko kwenye mtihani.

Walutheri nao hufanya hivyo. Mwanafunzi wa Makumira, chuo kilichopo karibu na Arusha tangu mwaka 1954, hupelekwa usharikani kujifunza kazi chini ya mchungaji.

Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinasema mtu asipewe upadri kabla ya kutimiza miaka 25. Kabla ya upadri hupewa ushemasi. Frateri tunayemzungumza alikuwa na miaka 24, na hata shemasi alikuwa bado.

SIKU YAKE

Saa kumi na moja alfajiri huamka na kusali Masifu ya asubuhi. Kisha huchota maji, hufagia kanisa, na kunywa uji kwa katekista. Hana mshahara. Parokia humpa chakula, na waamini humletea mihogo, nazi au kuku siku ya siku.

Asubuhi huenda shuleni kufundisha kipindi cha dini. Mchana hulima bustani ya kigango. Jioni ni mafundisho ya ubatizo na kipaimara, au mazoezi ya kwaya. Jumamosi husali na jumuiya ndogo ndogo katika nyumba za watu. Mpango huu wa jumuiya ulitiliwa mkazo na maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976. Walitaka Kanisa liwe la majirani wanaojuana na kusaidiana.

Jumapili padri asipokuja, frateri huongoza Ibada ya Neno. Akiruhusiwa, anaweza pia kuwapelekea wagonjwa Komunyo.

Lakini kuna kazi ambazo hawezi. Hawezi kuadhimisha Misa. Hawezi kuungamisha. Hawezi kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu. Mpako wa wagonjwa ni kazi ya padri na askofu tu. Hata shemasi, ambaye anaweza kubatiza na kufungisha ndoa, hawezi kutoa mpako.

Watu wengi hawalijui jambo hili. Wanamwona frateri amevaa kanzu, wanamwita "Baba". Yeye akinyamaza, wanazidi kuamini kuwa ni padri.

USIKU WA MPAKO

Usiku mmoja, saa tano, frateri alisikia hodi. Kijana mmoja alikuwa amekuja na bodaboda, anahema.

"Frateri, mama amezidiwa. Njoo umpake mafuta."

"Amepelekwa hospitali?"

"Tumetoka hospitali juzi. Wamesema tumtunze nyumbani."

Frateri alimpigia paroko simu. Haikupatikana. Paroko alikuwa amelala kigango cha mbali, ambako mtandao ni wa shida. Alimtuma kijana mwingine na pikipiki kumfuata. Halafu akaenda kumwamsha katekista, wakaenda wote wawili.

Mama alikuwa amelala kitandani, pumzi zinakatika. Ndugu walikuwa wamejaa chumbani. Yule mwanawe alitoa kichupa cha mafuta ya nazi mfukoni.

"Mpake tu, Frateri. Mungu anajua. Mama hatajua kama wewe si padri."

Frateri alisema baadaye kwamba hakuna mtihani wa seminari uliomtisha kama ule. Kukubali kulikuwa rahisi. Ndugu wangetulia, mama angetulia, na yeye angesifiwa. Akarudisha kile kichupa.

"Kaka, mimi si padri. Nikimpaka mafuta haya nitakuwa nimemdanganya mama yako katika saa yake ngumu kuliko zote. Siwezi. Lakini siondoki."

Akapiga magoti karibu na kitanda, akamshika mama mkono. Akaongoza sala ya majuto polepole, kipande kwa kipande, ili mgonjwa aifuate moyoni. Kanisa hufundisha kwamba mtu asiyeweza kumpata padri, akijuta dhambi kwa sababu ya kumpenda Mungu, na akiwa na nia ya kuungama atakapoweza, husamehewa. Frateri alimweleza mama hivyo kwa maneno machache. Mama alibana vidole vyake.

Kisha katekista alifungua zaburi. Mzee huyu hakusoma shule utotoni. Alijifunza katika darasa la kisomo, chini ya mwembe, mwaka 1970. Mwaka huo Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alisoma pole pole, kidole kikifuata mstari. Akimaliza zaburi moja anafungua nyingine. Watu chumbani wakanyamaza.

Mama alifariki saa tisa usiku. Padri alifika saa kumi na moja na nusu.

MANENO YA MSIBANI

Asubuhi vijana wa Kiislamu wa jirani walikuja na majembe na sururu kusaidia kuchimba kaburi. Wanawake walipika. Lakini penye watu hapakosi maneno.

"Frateri gani huyu? Ati ameshindwa kumpaka mama wa watu mafuta!"

Yule kijana wa marehemu hakumwitikia frateri salamu. Frateri alikaa jamvini siku mbili, ameinamisha kichwa. Hakujitetea.

Baada ya mazishi paroko alisimama, akasema:

"Ndugu zangu, frateri hakukataa. Hana uwezo huo, na amefanya vema kusema kweli. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwapo. Lakini nawauliza: mama huyu alilala wiki tatu. Ni nani aliyeniambia? Mpako si wa mtu anayekata roho tu. Ni wa mgonjwa. Niiteni mgonjwa akiwa bado anaweza kukaa na kuzungumza nami."

Watu walitazama chini. Ni kweli, hakuna aliyemwambia. Wengi walidhani padri akiitwa ni dalili ya kifo, wakaogopa kumtisha mgonjwa. Desturi hii ya kungoja dakika ya mwisho ni ya zamani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulieleza wazi kuwa si lazima kungoja hivyo.

Jioni frateri alimwendea katekista.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Mzee, nyumba ile nimepita mara mbili nikienda kwaya. Sikuingia hata kupiga hodi."

Mzee hakumkatalia. Akasema, "Njia ya kwaya umekwisha ijua. Sasa jifunze na njia ya kwa wagonjwa. Mimi nitakuonyesha, maana hata mimi nilizembea."

DAFTARI LA WAGONJWA

Siku ya pili mzee alinunua daftari dukani. Akapiga mistari kwa rula, akaandika juu ya kila safu: tarehe, jina, jumuiya, anahitaji nini, nani ameambiwa. Kila kiongozi wa jumuiya alitakiwa kuleta habari za wagonjwa kila Jumamosi. Asiyeweza kuandika atamke, mwenzake aandike.

Mstari mmoja ulikuwa hivi:

"Tarehe 4. Mzee wa karibu na kisima. Jumuiya ya pili. Anaomba kuungama. Paroko ameambiwa tarehe 4 jioni. Amekuja tarehe 6."

Kila Alhamisi frateri na mzee walitembelea wagonjwa kwa miguu. Walikaa, walisali, waliuliza kama dawa zipo na kama kuna wa kumchotea mgonjwa maji. Jirani mmoja Mwislamu aliwaambia, "Kuna mpangaji wangu, Mkristo mwenzenu, ana wiki hajatoka ndani. Hana ndugu hapa." Jina lake likaandikwa. Paroko akaja, na kwa msaada wa jumuiya mgonjwa akapelekwa Hospitali ya Tumbi.

Muda wa frateri ulipokwisha, yule kijana aliyefiwa na mama alikuja kumsindikiza mpaka stendi. Alimbebea begi. Hawakuzungumza mengi juu ya usiku ule. Kijana alisema tu, "Ungenikubalia siku ile, leo nisingekuamini kwa lolote."

Frateri alirudi seminari. Daftari lilibaki kigangoni, kwa mzee wa kisomo.

TUMEJIFUNZA NINI?

1. Frateri ni mwanafunzi. Mpe heshima yake, lakini usimwite padri. Usimwombe kazi asiyokuwa na mamlaka nayo.

2. Mwenye kazi akikwambia "hili siwezi", usidhani ni dharau. Mtu anayejua mpaka wa kazi yake ndiye anayekulinda. Ni sawa na mhudumu wa afya wa kijiji anayesema, "Hili ni la daktari." Afadhali huyo kuliko anayejaribu kwa kubahatisha.

3. Akisema hawezi, bado yako anayoweza: kukaa, kusali, kutuma mtu, kushika mkono wa mgonjwa.

4. Mwite padri mapema. Mgonjwa mahututi asiyebatizwa, naye anataka ubatizo, anaweza kubatizwa na mtu yeyote, kwa maji na maneno ya ubatizo. Lakini mpako unamtaka padri, na padri anahitaji muda wa kufika.

5. Habari isiyoandikwa husahauliwa. Kalamu uliyojifunza kuishika katika kisomo ina kazi. Kijiji, msikiti, kanisa au chama chochote kinaweza kuwa na daftari la wagonjwa.

MANENO MAGUMU

Kigango: kanisa dogo lililo chini ya parokia.
Paroko: padri mkuu wa parokia.
Gombera: mkuu wa seminari.
Katekista: mwalimu wa dini ambaye si padri.
Mpako wa wagonjwa: sakramenti ambayo padri humpaka mgonjwa mafuta na kumwombea.
Jumuiya ndogo ndogo: vikundi vya waamini majirani wanaosali pamoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini frateri alikirudisha kichupa cha mafuta? Wewe ungefanya nini?
2. Taja mambo matatu aliyoyafanya kwa mgonjwa badala ya mpako.
3. Paroko, frateri, katekista na ndugu wa marehemu: kila mmoja alikuwa na kosa gani?
4. Je, hapo mnapoishi mgonjwa akilala wiki tatu, ni nani anajua? Mngeandika safu gani katika daftari lenu?

Chukua karatasi sasa. Andika jina la mgonjwa mmoja unayemjua karibu nawe, tarehe ya leo, na anachohitaji. Kisha nenda ukapige hodi.