Mafuta ya Karafuu na Utando wa Kuponyesha Vidonda

Wanachama wengine hutuuliza: ikiwa wataalamu wanatia mafuta ya karafuu katika dawa za vidonda, kwa nini mtu aliyejikata na panga shambani asijipake mafuta hayo hayo kutoka chupani? Twajibu kwanza, ndipo tueleze: asijipake. Mafuta yasiyochanganywa na kitu huunguza nyama iliyo wazi, na kidonda chaweza kuchelewa kupona.

Nguvu ya mafuta yetu yatoka katika kitu kiitwacho yujenoli. Katika mafuta ya makonyo, kama yanayotolewa kiwandani Wawi huko Pemba, aghalabu yujenoli ni sehemu 85 hata 95 kwa kila 100. Yujenoli huua vijidudu vingi na hutia ganzi. Ndiyo maana madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki wakazibia jino. Lakini haichagui. Ikizidi, huua vijidudu na huua pia chembe changa za mwili zinazojenga nyama mpya. Hapo ndipo penye taabu, na ndipo kazi ya wataalamu inapoanzia.

Zamani watu wengi walishika kwamba kidonda lazima kiachwe kikauke. Mwaka 1962 George Winter, huko Uingereza, alifanya majaribio juu ya nguruwe. Majeraha madogo aliyoyafunika kwa plastiki nyembamba yaliota ngozi upesi, karibu mara mbili kuliko yale yaliyoachwa wazi. Sababu yake ni nyepesi: chembe za ngozi hutambaa juu ya unyevu, lakini penye kigaga kikavu hulazimika kuchimba njia chini yake. Basi yatakiwa kifuniko kinachohifadhi unyevu, na ndani yake dawa itokayo kidogo kidogo.

Kifuniko kimojawapo ni utando wa kitosani, kitu kipatikanacho katika magamba ya kamba na kaa. Kitosani huyeyushwa katika maji yenye asidi kidogo, kama ile ya siki, kisha hutiwa gliserini ili utando usivunjike. Mafuta ya karafuu nayo hayachanganyiki na maji, kama kila mpishi ajuavyo, kwa hiyo huvurugwa kwa mashine yenye nguvu mpaka yakawa matone yasiyoonekana kwa jicho. Matone haya hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita 1,000,000.

Tone la mafuta lenye upana wa milimita moja, likigawanywa katika matone ya nanomita 100, hutoa matone bilioni 1,000. Mafuta ni yale yale, lakini uso wake wote umekuwa mkubwa mara 10,000. Basi mafuta machache hugusa mahali pengi, wala hayakai kwa wingi mahali pamoja yakaunguza. Mchanganyiko humiminwa katika sahani bapa ukauka. Hapa mkulima ataelewa mara moja: joto likizidi, harufu huruka, na harufu ndiyo dawa yenyewe. Utando ukiwekwa juu ya kidonda hunywa majimaji yake, huvimba, na kuachia mafuta polepole.

Panya waliotibiwa kwa mafuta ya karafuu yaliyofanywa matone madogo namna hii walionyesha dalili njema. Lakini panya si binadamu; ngozi yake hujivuta ikaziba kidonda upesi kuliko yetu. Wanaongojewa hasa ni wagonjwa wa kisukari, ambao vidonda vyao vya miguu hukaa miezi, na kwao yatakiwa majaribio marefu.

Wala mtu asijenge nyumba kwa bei ya kesho. Utando wa ukubwa wa kiganja hutaka mafuta kidogo mno. Kinachotuhusu sisi zaidi ni usafi: mafuta yaliyoghushiwa kwa mafuta mengine, au yasiyojulikana yana yujenoli kiasi gani, hayawezi kuingia katika dawa.

Kwa sasa, aliyejikata aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, alifunike kwa kitambaa safi. Likiwa refu kwenda ndani, au limeingia udongo, aende hospitali siku ile ile akaulizie sindano ya pepopunda.