Taa za Ziada za Kurudi Nyuma kwenye Tela: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumlipa Fundi

Katika Magoma na vijiji vingine vya bonde la Lwengera, bonde linalotenganisha Usambara Mashariki na Usambara Magharibi, tela ni chombo cha kazi cha kila siku. Hufungwa nyuma ya trekta au pikapu, likabeba mahindi, mkonge, matofali na mchanga. Katika milima ya Lushoto, mboga na matunda hushushwa kuelekea Mombo kwa barabara nyembamba yenye kona nyingi. Kila mahali palipo na mzigo, dereva hulazimika kurudi nyuma: kuingia shambani, kusogea ghalani, au kupisha gari jingine penye ukingo wa bonde. Mara nyingi hufanya hivyo alfajiri, usiku au katika ukungu, huku utingo na wapakiaji wakiwa wamesimama nyuma ya tela.

Taa za kurudi nyuma za gari lenyewe hazisaidii kitu tela likiwa limefungwa, kwa kuwa mwanga wake huishia kwenye ubao wa mbele wa tela. Ndiyo maana wamiliki wengi huomba fundi awafungie taa za ziada nyuma ya tela. Ombi hilo ni la busara. Hata hivyo, mnunuzi mwingi huangalia jambo moja tu: kwamba taa imewaka pale gereji. Somo hili linaeleza kwa nini hilo halitoshi, na namna ya kuikagua kazi hata kama wewe si fundi.

Taa hii ina maana gani barabarani

Madereva kote wamezoea kwamba taa nyekundu huonyesha nyuma ya chombo, na taa nyeupe huonyesha chombo kinachokuja upande wako. Taa nyeupe ya kurudi nyuma, kwa hiyo, ni taarifa: inawaambia walio nyuma kwamba chombo hiki kinawajia. Ikiwaka wakati tela linakwenda mbele, inatoa taarifa ya uongo. Dereva anayefuata usiku hupofuka macho, au hudhani kuwa anakutana na gari linalomjia.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ni hii: taa ya kurudi nyuma iwake pale tu gia ya rivasi inapoingizwa, na izime mara gia inapotolewa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48, inayohusu ufungaji wa taa za magari, inashika msingi huo huo. Inataka pia taa hiyo iwe nyeupe, na ifungwe kati ya milimita 250 na 1,200 kutoka ardhini. Taa inayofungwa juu sana humulika vichwa na macho ya watu badala ya ardhi wanayoikanyaga.

Njia tatu za mkato za kukataa

Ya kwanza ni kuunganisha taa mpya kwenye waya wa taa za nyuma za kawaida. Fundi huona ni rahisi, kwa kuwa waya huo tayari umefika kwenye tela. Matokeo yake ni taa nyeupe kuwaka usiku kucha safarini.

Ya pili ni kuchukua umeme moja kwa moja kwenye waya wa taa za rivasi za gari. Waya huo, pamoja na swichi iliyopo kwenye gia boksi, umekusudiwa kuhudumia taa chache ndogo. Ukiongezewa mzigo, fyuzi ya gari hukatika au swichi huungua, na gari lenyewe hubaki bila taa za kurudi nyuma.

Ya tatu ni kutegemea chuma cha kuunganishia tela kiwe njia ya kurudisha umeme hasi, ambayo mafundi huiita ethi. Kiungo hicho kina grisi, kutu na vumbi, na hucheza kila tela linaporuka shimo. Taa hufifia, hukonyeza, na wakati mwingine umeme hutafuta njia nyingine kupitia taa za breki au indiketa. Dai waya wa hasi wa pekee, unaotoka kwenye gari kupitia plagi hadi kwenye kila taa.

Mpangilio ulio sahihi

Mpangilio wenyewe si mgumu. Waya mnene hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi iliyofungwa karibu kabisa na betri, kisha ukaingia kwenye rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya wa rivasi wa gari huiamuru tu rilei. Mzigo wote wa taa hubebwa na waya mpya. Kwenye rilei za kawaida miguu huandikwa namba: 30 hupokea umeme wa betri, 87 hupeleka kwenye taa, 86 hupokea amri ya rivasi, na 85 huenda kwenye hasi. Kwa kuzisoma namba hizo, nawe unaweza kufuatilia kazi ya fundi.

Jambo la kuuliza mapema ni plagi. Plagi ya kawaida ya tela yenye pini saba ina nafasi za indiketa, breki, taa za nyuma, taa ya ukungu na hasi. Haina pini ya rivasi. Mwulize fundi atapitisha wapi waya huo. Majibu mazuri ni mawili: kufunga plagi ya pili, au kutumia plagi ya pini 13, ambayo pini yake ya 8 imetengwa kwa ajili ya taa za kurudi nyuma.

Matrekta mengi ya zamani hayana swichi ya rivasi. Hapo haiepukiki kufunga swichi ya mkono. Sharti lake ni kuwekewa taa ndogo ya kumkumbusha dereva, mbele ya macho yake, inayowaka muda wote swichi ikiwa imewashwa.

Unene wa waya: hesabu fupi

Balbu moja ya kawaida ya rivasi hutumia wati 21. Taa nne hutumia wati 84. Gawanya kwa volti 12, upate ampea 7. Tuchukue kwamba kutoka betri ya pikapu hadi nyuma ya tela ni mita 10. Umeme huenda na kurudi, hivyo njia yake ni mita 20. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, volti zaidi ya 3 hupotelea njiani, na taa hutoa mwanga chini ya nusu ya ule uliolipia. Waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza volti 1 hivi tu, na fyuzi ya ampea 10 inatosha.

Taa mbili za LED za wati 18 kila moja hutumia ampea 3 pekee. Kwa umbali huo huo, waya wa milimita za mraba 1.5 na fyuzi ya ampea 5 vinafaa. Usikubali fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya, wala kipande cha waya badala ya fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya haujaungua. Kwenye tela lililobeba nyuzi za mkonge au majani makavu, cheche moja inatosha kuteketeza mzigo na chombo.

Dukani

*Waya.* Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, huo ni alumini iliyopakwa shaba: hupitisha umeme kwa unafuu mdogo, na hukatika haraka kwa mtikisiko.

*Wati.* Maandishi ya kwenye boksi yasikutoshe. Omba taa iwashwe kwa betri huku mita ikipima ampea. Zidisha volti kwa ampea. Jibu ndilo wati halisi. Taa iliyoandikwa wati 72 ikivuta ampea 1.5 kwenye volti 12, ni ya wati 18.

*Volti.* Pikapu na matrekta kwa kawaida hutumia volti 12. Malori makubwa volti 24. Hakikisha taa inalingana na chombo chako.

*Maji na vumbi.* Alama ya IP67 humaanisha taa haiingizi vumbi na inastahimili kuzamishwa kwenye maji hadi mita 1 kwa dakika 30. Kwa barabara za udongo wakati wa masika, kiwango hicho kinafaa.

Majaribio sita kabla ya kulipa

1. Ziba magurudumu kwa mawe, kisha ingiza rivasi. Taa ziwake. Toa gia, zizime papo hapo.
2. Taa zikiwa zinawaka, kanyaga breki na uwashe indiketa. Taa yoyote ikififia au kukonyeza pasipo kuamriwa, waya wa hasi una kasoro.
3. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye taa ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi kidogo volti 1, waya ni mwembamba au kiungo ni kibovu.
4. Acha taa ziwake dakika kumi. Gusa fyuzi, plagi na waya. Vuguvugu si neno. Moto ni kasoro.
5. Tikisa plagi na umwagie taa maji. Mwanga usibadilike.
6. Kagua njia ya waya: uwe ndani ya bomba la plastiki, umefungwa mbali na magurudumu, na penye tundu la chuma pawe na pete ya mpira.

Haki yako

Kabla ya kazi, andikiana na fundi: vifaa gani, waya wa unene gani, na matengenezo ya bure kwa muda gani. Dai risiti, ya vifaa na ya ufundi kila moja peke yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Kwa ubora wa bidhaa, taarifa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Tunza boksi, risiti na kifaa chenyewe; pasipo hivyo, lalamiko hukosa mguu wa kusimamia.

Mwisho, taa haichukui nafasi ya mtu. Utingo asimame ubavuni, mahali dereva anapomwona kwenye kioo, wala asisimame katikati ya njia ya tela. Dereva asipomwona, asimame kwanza, taa ziwe zinawaka au la.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini taa ya kurudi nyuma isiunganishwe na taa za nyuma za kawaida?
2. Taa mbili za wati 21 zitavuta ampea ngapi kwenye volti 12?
3. Utajuaje kwamba waya uliouziwa si shaba tupu?
4. Tela lako lina plagi ya pini saba. Utamwuliza fundi nini kabla hajaanza kazi?