Ngome Kongwe ya Unguja: Mwongozo kwa Mgeni Apendaye Sanaa

Ngome Kongwe, iliyoko Forodhani katika Mji Mkongwe wa Unguja, hutembelewa na wageni wengi kwa namna isiyoitendea haki, kwani huingia asubuhi jua likiwa kali, hupiga picha za minara, hupitishwa kwenye maduka ya vinyago, kisha hutoka wakiamini kwamba wamekwisha kuiona. Jengo hili lina thamani kubwa zaidi kama ukumbi wa umma wa sanaa kuliko kama boma la vita, na saa zake hasa ni za jioni, wakati taa za jukwaa zinapowashwa na taarabu, ngoma au filamu inapoanza.

Waarabu wa Omani waliijenga ngome hii baada ya kuwang'oa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa dogo la Kireno ambalo mabaki yake yalimezwa na kuta mpya. Katika karne ya 19 ilitumika kuwa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikahudumia reli iliyokwenda Bububu. Kazi yake ya sasa ilithibitika katika miaka ya 1990, ulipojengwa uani uwanja wa maonyesho wenye viti vya mawe vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, na tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, yote mawili yamekulia ndani ya kuta hizi.

Kuta zenyewe zinastahili kutazamwa kwa karibu. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yatokanayo na viumbe wa baharini, yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo katika tanuu. Na pale lipu ilipobanduka, jicho huona wazi vitundu na mistari ya matumbawe ndani ya jiwe. Chokaa huruhusu unyevu utoke ukutani, ilhali saruji huufungia ndani na kulidhoofisha jiwe polepole, na ndiyo maana ukarabati wa haraka kwa saruji ni hasara kwa majengo ya aina hii. Beit al-Ajaib, jumba la jirani lililojengwa mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, linatosha kuonyesha kwamba majengo haya hayadumu bila matunzo.

Kwa anayekwenda Ngomeni, gharama zinazoudhi zaidi huanzia bandarini. Anayeshuka kwenye boti itokayo Dar es Salaam hulakiwa na madereva wa teksi na mapapasi, jina wanaloitwa Unguja vijana wanaowafuata wageni ili kuwaongoza au kuwapeleka dukani na hotelini kwa kamisheni, nao husisitiza kwamba Ngome iko mbali. Haiko mbali hata kidogo: ni mwendo wa miguu usiofika kilomita 1 kwa kuifuata barabara ya Mizingani yenye bahari upande wa kulia, na mtu hupita mbele ya zahanati ya zamani yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, mti mkubwa uitwao Mtini, jumba la kasri na Beit al-Ajaib kabla ya kufika. Mwenye mizigo mizito apatane bei na mchukuzi kabla begi halijainuliwa, na bei zote ziulizwe kwa shilingi, kwa kuwa bei ya dola hugeuzwa kwa kiwango anachokitaka muuzaji. Mwenyeji asiyealikwa akataliwe kwa upole mara ya kwanza, maana aliyeachwa atembee sambamba na mgeni kwa hatua mia atadai ujira wake mwishoni. Na mtu yeyote anayetoza kiingilio mlangoni aombwe stakabadhi.

Maduka ya uani yasimchukulie mgeni muda mwingi. Picha nyingi zinazouzwa humo ni za mtindo wa Tingatinga, ulioasisiwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam, na mara nyingi hurudia tembo na twiga walewale ambao Unguja haina. Fedha ya kununulia picha hizo ingefaa zaidi kwa kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, ambayo hutambulika kwa vitobo vidogo visivyolingana kabisa, tofauti na ile ya mashine. Bustani ya Forodhani iliyo mbele ya Ngome nayo imesifiwa kupita kiasi: mishikaki ya pweza na kamba huuzwa ghali na mara nyingi imekwisha kupoa, ilhali urojo na juisi ya miwa ndivyo vinavyofaa. Nyumba inayonasibishwa na mwimbaji wa roki Freddie Mercury inaweza kurukwa bila majuto, kwa kuwa muziki wa Unguja husikika zaidi penye taarabu, sanaa ambayo kikundi cha Ikhwani Safaa kimeihifadhi tangu mwaka 1905.

Kwa hiyo mpango bora ni kupita Ngomeni mchana mara moja tu, kusoma matangazo na kuuliza ratiba, kisha kurejea baada ya magharibi na khanga ya kutandika juu ya viti vya mawe, ambavyo ni vigumu na hubaki na maji baada ya mvua. Wakati wa tamasha, raia wa Tanzania wabebe kitambulisho, kwa sababu bei ya tiketi hutofautiana kwa uraia. Zaidi ya yote, mgeni akate tiketi ya onyesho hata kama sauti inasikika bure kutoka barabarani, kwa maana Ngome isiyolipa wasanii itarudi kuwa kuta tupu zenye maduka.